Maji ya Kiwira Yana Rangi ya Shamba Lako

Ndugu zangu wa Rungwe, akina baba na akina mama, vijana wa Kiwira na Kyimo, wazee wa Masoko, Ikuti na Mwakaleli, nawaandikia kabla mvua haijashika. Ikishika mtakuwa mashambani, jembe mkononi, na namna ya kulima mtakuwa mmekwisha kuiamua. Nataka neno hili liwafikie kabla hamjaamua.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, nendeni mkasimame darajani Kiwira, mtazame mto. Maji yatakuwa mazito, yenye rangi ya chai ya maziwa, yakikimbia kama mwizi aliyeshtukiwa. Mlima hauna maji ya rangi hiyo. Chemchemi zetu hutoka ardhini safi, ukainama ukahesabu kokoto moja moja chini. Rangi ile imetoka mahali, na mahali hapo pana mwenyewe: ana jina, ana jembe, na Jumapili tunakaa naye benchi moja. Ni shamba lako lile linalopita chini ya daraja. Na langu limo.

Pigeni hesabu nami. Mvua ikichukua udongo wa unene wa milimita moja kutoka ekari moja, imebeba zaidi ya tani tatu. Milimita moja jicho haliioni. Asubuhi unatoka nje, unalitazama shamba, unasema halikuguswa, kumbe usiku limepakiwa likateremshwa hadi Ziwa Nyasa. Mwizi angekuja na lori akapakia tani tatu za viazi vyako, yowe lingepigwa kijiji kizima kiamke, na vijana wangemkimbiza hadi Isongole. Udongo wa kuotesha viazi vya wajukuu wako umechukuliwa mbele ya mlango, na hakuna aliyeinua kichwa.

Najua kinachotulaza usingizi. Tangu utotoni tumeambiwa udongo wa Rungwe hauchoki: chomeka fimbo, itachipua. Na kweli tulipewa kuliko wengi. Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000 kwenda juu, ulilipuka kwa kishindo miaka 4,000 hivi iliyopita, ukainyeshea nchi yote hii majivu na mawe mepesi. Mlima Ngozi nao ulimwaga ya kwake, na shimo lililobaki leo ni ziwa. Majivu hayo yalichakaa taratibu chini ya msitu, yakachanganyika na majani yaliyooza karne kwa karne, yakawa udongo huu mweusi, mwepesi, unaonyonya maji kama sifongo. Juu yake Mungu akaongeza mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma kwa kawaida haifikishi 600, na bado wenzetu wa kule hulima na kumshukuru Mungu.

Lakini udongo wa volkano una tabia yake, na mkulima asiyeijua atalia. Ukifunikwa na ukiwa na mboji, hushikamana, hupitisha maji, hulisha. Ukivuliwa ukaachwa juani, hukauka ukawa vumbi jepesi, na ukishakauka kupita kiasi hukataa kunywa maji kama zamani. Mvua ikija huuinua na kuondoka nao. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa mwendo wa mita tisa hivi kwa sekunde. Likikutana na jani la mgomba, huvunjika na kudondoka kwa upole. Likikuta udongo mtupu, ni nyundo. Mvua ileile iliyotutajirisha ndiyo sasa inayotufilisi, kwa kuwa tumeivua nguo ardhi yetu.

Wazee wetu waliivisha. Mwaka 1879 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipita nchi hii kutoka upande wa Ziwa Nyasa akielekea Ziwa Tanganyika, akaisifu kama mtu aliyejikuta peponi bila kutarajia. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa kwetu miaka ya 1930 wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, walikuta mwanamume wa Kinyakyusa akipindua ardhi kwa mikono yake, wala hakuwaachia wanawake kazi hiyo nzito. Majani hayakuchomwa ovyo. Yalifukiwa ndani ya tuta, yakaozea humo, mazao yakayala. Samadi ya ng'ombe ilikwenda kwenye migomba, na kuibeba ilikuwa kazi ya kila siku kama kunawa uso.

Bibi yangu hakulijua neno hifadhi ya udongo. Alipokata mkungu alilipasua shina la mgomba vipande virefu, akavilaza palepale chini ya chipukizi. "Mama amlishe mtoto," alisema, na hilo ndilo somo lake lote. Chini ya migomba yake mguu ulizama kama unakanyaga godoro. Siku ya sadaka ya mavuno mkungu wake ulibebwa na wanaume wawili kwa mti begani, na mnadani baada ya ibada watu walipandishiana bei kwa ajili yake. Tazameni mikungu tunayoleta madhabahuni siku hizi. Mtoto wa darasa la sita anaibeba kwa mkono mmoja. Hatukuwa wachoyo, ardhi ndiyo iliyoishiwa cha kutupa.

Sasa sisi tunachoma. Septemba na Oktoba, simama Tukuyu jioni utazame milimani: moshi huku, moshi kule. Tunaita kusafisha shamba. Ndugu yangu, umesafisha nini? Yale majani yalikuwa chakula cha ardhi. Naitrojeni iliyokuwa ndani yake imepanda na moshi, na salfa vilevile. Wadudu wadogo waliokuwa wakikulimia bure usiku na mchana wameungua. Yamebaki majivu kiganja kimoja, nayo mvua ya kwanza itayasomba yote, iyapeleke Kyela. Kisha mwezi wa kumi na moja mtu yuleyule anakwenda kukopa fedha anunue mfuko wa urea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Anakopa alichokichoma!

Nasema hivi nikijua uchungu wake, maana nami niliwahi kuchoma. Mwaka niliorithi kipande cha baba, kile cha mteremko juu ya kijito, niliona magugu ni mengi na mikono ni miwili, nikawasha kiberiti. Moto uliingia kwenye mistari ya mabingobingo aliyoipanda baba kukinga maji, ukaila mpaka mizizini, nami sikurudishia. Msimu wa kwanza palikuwa na mfereji wa kuingia mguu. Msimu wa tatu palikuwa na korongo la kunifika kiunoni. Mama alipokuja kuliona hakunikemea hata neno moja. Alirudi nyumbani, akachukua kikapu, akaanza kukijaza mawe. Nilimtazama mwanamke wa umri ule akipanda na kushuka na mawe kichwani, akiziba nilichokifungua mimi, na tangu siku ile sijawasha moto shambani.

Kule juu, Isongole na Ndaga, kuna jambo jingine. Matuta ya viazi yanateremka moja kwa moja na mlima. Mkulima anajitetea kwamba matuta ya kukatisha hutuama maji na viazi huoza, na hofu yake ni ya kweli. Nimeviona viazi vilivyooza, nimeisikia harufu yake, na najua ada ya shule iliyooza navyo. Lakini tuta la kuteremka ni bomba. Matuta mia moja ni mabomba mia moja yanayomwaga udongo wako mtoni. Yapo matuta yanayokatisha mteremko kwa kuinama kidogo sana, maji yakatoka polepole hadi kwenye mtaro uliopandwa majani, nayo hayaozeshi viazi. Yanataka kupimwa, na kipimo chake si cha fedha: miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, uzi, na jiwe. Bwana shamba anajua kukitumia, na asipokuja, mwanafunzi aliyefundishwa mara moja ataweza.

Kuhusu kulima hadi ukingo wa mto sitasema mengi, kwa sababu sheria imekwisha kusema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kila mmoja wetu anajua jembe lake limeishia hatua ngapi kutoka majini.

Nataka nikae kidogo kwenye lori la ndizi, kwa maana hapa tunaibiwa na furaha yetu wenyewe. Malori yanapakia Kyimo na Kiwira, yanasafiri usiku hadi Dar es Salaam, mikungu inateremshwa Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Ni biashara halali, imesomesha watoto wetu na kuezeka nyumba kwa bati, nami siipingi. Ila mali bila daftari hupotea bila habari. Mgomba hula potasiamu kuliko mazao mengi, na kila tani kumi za ndizi zinapoondoka zinabeba zaidi ya kilo 30 za potasiamu iliyotoka kwenye udongo wako. Maganda yake yanaozea jalalani Dar es Salaam. Lori linarudi tupu. Mwaka hadi mwaka tunausafirisha mlima kilo kwa kilo, na kinachorudi ni noti ambazo hatujawahi kununulia ardhi chakula. Chai nayo ni hivyo: kila jani linalochumwa limeondoka na sehemu ya shamba. Andikeni katika daftari ile safu ambayo hatuiandiki kamwe. Nimetoa nini ardhini, na nimerudisha nini?

Na samadi tunayo! Rungwe ni nchi ya maziwa. Asubuhi madumu yanapishana barabarani kuelekea vituo vya kukusanyia. Ng'ombe anayetoa maziwa hutoa samadi kila siku, naye tumemfungia bandani. Nimepita nyua nyingi nikakuta samadi imemwagwa nyuma ya banda, mvua inaichuruzisha hadi kijitoni, hatua hamsini kutoka kwenye migomba iliyokonda. Ndugu yangu, hilo ni kosa mbele ya mgomba na mbele ya Aliyekupa ng'ombe. Chimba shimo, lifunike kwa majani ya migomba jua na mvua visiinyonye, na kila Jumamosi peleka ndoo chache shambani. Basi.

Wengine mtaniambia: tuna mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23 serikali imepunguza bei. Nashukuru, nami naitumia. Lakini udongo wetu wa volkano una chuma na alumini zinazoikamata fosforasi na kuifungia, mmea ukabaki na njaa mezani pa karamu. Mboji ndiyo inayoilegeza ile mikono. Na ukimwaga urea na salfeti ya amonia mwaka hadi mwaka kwenye ardhi isiyo na samadi wala chokaa, uchachu unapanda, na mfuko uliotosha jana leo hautoshi. Hapo mkulima anasema mbolea imechakachuliwa. Mara nyingi kilichopungua ni tumbo la ardhi la kuipokea.

Na ninyi wapandaji wa parachichi, nawapenda na nawaombea bei nzuri. Mti ni rafiki wa mteremko kuliko jembe. Ila nimeona mashamba yaliyong'olewa migomba yote, yakapigwa dawa ya magugu hadi ardhi ikang'aa kama uwanja wa mpira, miche ikasimama mmojammoja kwenye udongo mtupu. Miaka minne au mitano mnangoja mti ufunge kivuli, na miaka hiyo yote mvua ya Tukuyu haiwangoji ninyi. Acheni majani katikati ya mistari. Yafyekeni, msiyaue.

Tena kuna wanaoketi chini ya mlima. Mashamba ya mpunga ya Kyela yamejengwa na udongo wa mito yetu, Kiwira na Mbaka na Lufilyo. Ulipoteremka kidogo kidogo ulikuwa zawadi. Sasa unateremka kwa vishindo. Mto unajaa mchanga, kitanda chake kinainuka, na masika yanapofika maji hayana pa kukaa ila ndani ya nyumba na majaruba ya watu. Mbasa, samaki yule mnene anayepanda mitoni wakati wa mvua kutaga mayai kwenye changarawe safi, anakuta tope. Mtu wa Kyela akipoteza mpunga wake na samaki wake, tunaodaiwa ni mimi na wewe tulioko huku juu, ingawa kwa upole wake hajawahi kupanda kuja kutudai.

Kisingizio kikubwa nakijua: watu tumekuwa wengi, mashamba yamekatwa vipande, hatuna nafasi ya kupumzisha ardhi. Ni kweli. Lakini nendeni Machakos, kwa jirani zetu Wakamba. Katika miaka ya 1930 wataalamu waliiandika nchi ile kama maiti, makorongo matupu. Kati ya 1932 na 1990 watu wake waliongezeka karibu mara sita, na ardhi ikafufuka. Walichimba mitaro kwa vikundi vyao vya kusaidiana, wakirusha udongo upande wa juu ukawa kinga, na mtindo huo dunia nzima leo unaitwa kwa Kiswahili chetu: fanya juu. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinaliandika neno hilo bila kulitafsiri. Na huku kwetu Tanzania, Mbinga, Wamatengo wanalima ngoro zaidi ya karne moja sasa: wanalaza majani kwa miraba, wanayafunika udongo, katikati linabaki shimo la kumeza mvua. Miteremko yao ni mikali kama yetu, na imesimama.

Nalijua pia donda la zamani. Wazee walilazimishwa. Wakoloni walisukuma matuta kwa amri na faini, na kule Uluguru mwaka 1955 watu waliinuka wakayakataa, na walikuwa na haki ya kukataa kuamriwa. Lakini tulipomfukuza mnyapara tulilifukuza na tuta, kana kwamba tuta lilikuwa lake. Wazee wetu walizika majani ardhini kabla mzungu yeyote hajaiona Rungwe. Wamisionari Wamoravian walipofika chini ya mlima huu mwaka 1891 walikuta watu wanaojua kulima. Kinachodaiwa leo ni kurudi nyumbani.

Maandiko yanaanza na udongo. Katika Kiebrania jina Adamu na neno la ardhi ni ndugu wa tumbo moja, na kazi ya kwanza aliyopewa mtu ilikuwa na pande mbili: kulima na kutunza. Tumeshika ule mmoja. Ndugu zangu Waislamu wa Tukuyu mjini hawahitaji kufundishwa neno amana. Ninyi mlitupa neno lenyewe. Na kuna ule mfano katika Luka sura ya 13 ambao tunausoma kama habari ya toba tukaruka kilimo chake. Mtini hauzai. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu, amechoka, anataka ukatwe. Mtunzaji anamsihi auache mwaka mmoja tu, na katika mwaka huo haahidi maombi wala machozi. Anaahidi jembe na samadi. Yesu hakutusimulia kama mti ule ulizaa. Ameacha hadithi wazi, mtunzaji kasimama na samadi yake, mwaka unahesabiwa.

Babu zetu walikuwa na ubusoka. Kizazi kilipokomaa, wazee walikabidhi nchi kwa wana wao mbele ya wote, vijiji vya vijana vikapewa ardhi yao ya kulima. Sherehe ile imekoma, lakini kukabidhi hakujakoma. Kila mzee anayeshuka kaburini Rungwe anaacha shamba mikononi mwa mtu. Mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba theluthi moja ya udongo wa dunia imechakaa, na kwamba karibu asilimia 95 ya chakula chote hutoka udongoni. Nikisoma tarakimu hizo siwazi dunia. Nawaza mwanangu akipokea korongo.

Basi mwaka huu, mwaka huu mmoja, kiberiti kibaki jikoni. Majani yazikwe. Samadi ipande kwenye migomba. Tuta lililoteremka lipinduliwe likatishe, hata kama ni matuta kumi ya kuanzia. Mabingobingo au majani ya guatemala yapandwe ukingoni mwa kila mtaro, ng'ombe ale yeye na udongo ushikwe. Peke yako hutaweza, nami sikuweza. Mteremko wa jirani humwaga maji yake kwako, na wako humwaga kwa mwingine. Kazi hii ni ya vitongoji, kama tunavyochimba kaburi bila kuulizana nani ameitwa.

Tutaanza kwangu, ili asiwepo wa kusema nahubiri shamba la mwenzangu. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kile kipande cha baba juu ya kijito. Tutapima mtaro wa kwanza juu ya korongo, kisha tutashuka kuliziba. Majembe mje nayo. Miti ya kipimo nimekwisha kuikata, uzi ninao, na kikapu cha mama bado kipo.